Kila Mtoto na Kikopo Chake

Kazi ya matofali huanza na miguu. Watu hudhani huanza na mikono, lakini wanakosea. Kwanza fundi huchimba udongo. Kisha huumwagia maji. Halafu lazima mtu aingie shimoni aukanyage mpaka ulainike kama unga uliokandwa. Mawe yakiwemo, unyayo huyahisi, nayo hutolewa. Ndiyo maana bondeni hapakuwa na mtu aliyekanyaga udongo kwa viatu.

Fundi mmoja alikuwa na shimo lake katika bonde hilo, karibu na kijito. Mafundi wengine walikuwa na yao hapohapo. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye sauti kubwa na mwepesi wa kucheka. Mkewe alikuwa msafi kupita kiasi. Majirani walimtania, "Wewe utafagia mpaka ardhi iishe." Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa darasa la tatu. Wa pili ni msichana aliyeanza shule mwaka ule, bado mdogo mno kuingia shimoni.

Msichana walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mvulana walimwita Babu. Hakurithi jina hilo kwa mtu. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mwendo wake wa kizee. Wenzake wakikimbia, yeye alitembea. Wakipanda kilima cha kutoka bondeni, yeye alikaa njiani, mkono kiunoni, akihema.

Babu mwenyewe aliligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Akichoka, alikaa juu ya matofali, akakohoa kama mzee, akasema, "Vijana wa siku hizi mna haraka. Sisi zamani zetu tulitembea taratibu, na tulifika."

Watu walicheka. Fundi alicheka kuliko wote.

"Huyu akistaafu sijui itakuwaje," alisema. "Maana kazi yenyewe hajaanza."

Basi mama yake naye akawa Mama Babu, na kila mgeni aliyelisikia jina hilo aliuliza mara mbili.

Mama Babu alicheka pia, ila si sana. Alikuwa ameona mambo. Aliona uso wa mtoto umevimba kidogo asubuhi. Aliona anavyojikuna nyayo kila akitoka shimoni. Siku moja alimkuta nyuma ya tanuri la matofali, anamung'unya kipande cha udongo mkavu.

"Unakula nini?"

"Udongo, mama."

"Kwani nyumbani hukushiba?"

"Nimeshiba. Lakini huu nautamani tu."

Alimpangusa midomo haraka kabla mtu hajaona. Kisha akatazama huku na huku, kama aliyeiba.

Kuna jambo jingine lazima lisemwe, ingawa si la kusemwa watu wakila. Nyumbani kila familia ilikuwa na choo. Bondeni hapakuwa na choo, na mafundi walishinda huko asubuhi hadi jioni. Mtu akibanwa, aliingia kwenye matete juu kidogo ya mashimo, akajisaidia, akarudi kazini. Mvua ikinyesha, maji yalipita kwenye matete yale yakashuka mashimoni. Hakuna aliyeona ubaya. Hata Mama Babu, ambaye hakuweza kuvumilia jani moja uani kwake, hakuwahi kuyafikiria matete. Usafi wake uliishia mlangoni.

Mwaka ule mhudumu wa afya alifika shuleni na boksi la vikopo vidogo vyenye vifuniko. Watoto walipojua vikopo ni vya nini, walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kabla ya kengele ya mwisho walikuwa wameshampa mhudumu jina: Bwana Choo.

Yeye hakuudhika. "Kila mtu na biashara yake," aliwaambia. "Mimi mzigo wangu hauwezi kuoza, maana umeshaoza."

Jioni alizungumza na wazazi.

"Minyoo ya tumboni haionekani kwa kumtazama mtoto," alisema. "Anaweza kuwa nayo mingi, na usione hata mmoja ukitoka. Lakini minyoo hutaga mayai, na mayai hutoka na choo. Sisi tunachukua choo kidogo tu, tunakiweka chini ya hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo sana. Hapo tunayaona mayai. Tunajua ni minyoo gani, na mtoto anayo mingi kiasi gani."

"Sasa si mtupe dawa tu, tuachane na hizi habari za vikopo?" aliuliza baba mmoja. Watu wakacheka.

"Dawa zipo. Lakini mwenye minyoo mingi huenda ameshapungukiwa damu, na huyo kidonge peke yake hakimtoshi. Inabidi tumjue. Tena tujue minyoo inatoka wapi. Tusipojua, tutawatibu leo na kesho itarudi. Basi leteni choo cha asubuhi hiyohiyo. Kila mtoto na kikopo chake, kina jina lake."

Mama Babu alikuwa ameketi katikati. Nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Minyoo ni ya watoto wa wachafu." Wakacheka chini chini. Neno hilo lilimchoma Mama Babu, na yaliyosemwa baadaye hakuyasikia.

Asubuhi ya kupeleka vikopo, Babu aliamka na maumivu ya tumbo. Alikaa chooni muda mrefu, asipate kitu. Alirudi ndani, akajilaza, akasema shule hataiweza. Chiriku yeye alikwenda chooni na kurudi akiimba.

Mama Babu alibaki na vikopo viwili mkononi na choo cha mtoto mmoja.

Hakuwa mtu mbaya. Angeweza kusubiri mpaka kesho yake. Lakini kwake kupimwa kulikuwa sawa na kukaguliwa. Mnunuzi wa matofali akija, fundi huweka mbele lile lililoiva vizuri, jekundu, lenye pembe kamili. Lililopasuka hukaa nyuma. Hakuna anayeita huo wizi. Ndivyo biashara inavyokwenda, na yeye alikuwa mke wa fundi wa matofali miaka mingi. Aliwatazama watoto wake wawili, akamweka mbele yule mzima.

"Mama, hicho kikopo ni cha kaka," alisema Chiriku.

"Najua."

"Lakini choo ni changu."

"Nyinyi ni tumbo moja. Hakuna tofauti."

"Bwana Choo alisema kila mtu na chake."

"Chiriku, funga mdomo. Na ukifika shuleni uendelee kuufunga."

Chiriku alivipeleka vyote viwili. Babu alibaki kitandani, na hivyo mhudumu hakumwona hata kwa macho.

Majibu yalipotoka, ilionekana watoto wa nyumba ile hawana kitu. Mama Babu aliposikia, alishusha pumzi. Kwa muda kidogo alisahau alichofanya, akafurahi kama mtu aliyesifiwa kwa haki.

Fundi naye alipata jibu lake.

"Basi nimeelewa," alisema wakati wa kula. "Huyu mtoto haumwi. Nimekuwa nikimhurumia bure. Ni uvivu, na uvivu dawa yake ni kazi."

"Usimkaze sana, Baba Babu," mkewe alisema.

"Nisimkaze kwa nini? Amepimwa. Wewe ulitaka akutwe na ugonjwa?"

Mama Babu alikusanya vyombo, akatoka navyo nje.

Juma lililofuata, watoto waliokutwa na minyoo walipanga mstari shuleni wakapewa dawa. Karibu watoto wote waliokuwa wakikanyaga udongo bondeni walikuwa kwenye mstari ule. Babu alisimama nao. Mwalimu akamwambia arudi akae.

Nyumbani alimkuta mama yake anachambua maharage.

"Mama, wenzangu wa bondeni wamepewa dawa. Mimi wamesema sina kitu."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini nachoka?"

Mama Babu aliendelea kuchambua. Alitupa maharage mazima pamoja na mabovu, asijue anafanya nini.

"Labda ni kweli mimi ni mvivu," alisema Babu. "Nitajitahidi."

Hapo ndipo ulipokuwa wakati wa kusema. Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika alimwona mumewe ametulia na amefurahi, akaona aibu kuivuruga furaha yake. Aibu ina njaa sana. Ukiilisha leo, kesho inadai tena.

Babu alijitahidi kweli, na hili ndilo linaloumiza kuliko yote. Aliacha mchezo wa uzee. Hakukaa tena juu ya matofali. Akitoka shule aliingia shimoni na kukanyaga udongo bila kuambiwa. Akizidiwa, aliinama kama anayetafuta jiwe, ili baba yake asijue kwamba anapumzika. Fundi aliwaambia wenzake, "Mnaona? Mtoto amebadilika." Alikuwa anaona fahari, maskini.

Siku moja Bwana Choo alishuka bondeni. Mama Babu alikuwa ameleta chakula cha mchana. Chiriku alikuwa naye.

"Wewe ndiye Mama Babu?" mhudumu aliuliza. "Nimekuja kujifunza kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Watoto wa bonde hili karibu wote wana safura. Hiyo ni minyoo midogo inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Nyumba yako peke yake haina. Nimejiuliza sana huyu mama anafanya nini ambacho wengine hawafanyi. Nataka uwafundishe wenzako."

Mama Babu aliweka sufuria chini.

"Mimi nafagia tu," alisema.

"Kufagia ni kuzuri. Lakini safura haitoki uani kwako. Inatoka huku." Mhudumu alionyesha matete. "Mtu mwenye safura akijisaidia ovyo, mayai huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu. Hutoka vijidudu ambavyo macho hayavioni. Mtoto akikanyaga peku, vinapenya ngozi ya unyayo. Mwanzo ni kuwashwa tu. Kisha vinasafiri mwilini mpaka tumboni. Huyo kijana wako anavaa nini miguuni?"

Wote waligeuka kumtazama Babu. Alikuwa shimoni, udongo umemfika magotini. Aliinama kama anayetafuta jiwe. Safari hii hakuinuka. Aliketi polepole ndani ya udongo, kisha akalala ubavu.

Fundi alimtoa shimoni. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Mhudumu alipiga magoti, akashusha kope ya chini ya jicho lake. Ndani palipaswa kuwa pekundu. Palikuwa peupe. Akamfungua kiganja, nacho kilikuwa cheupe. Akamtazama ulimi.

"Huyu hana damu," alisema. "Amekuwa hivi muda gani?"

"Ana uvivu wa siku nyingi," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini mlimpima. Mlisema hana kitu."

"Ndiyo, nakumbuka majibu. Ndiyo maana sielewi."

Mama Babu alipiga magoti, akaanza kumpangusa mwanawe udongo usoni.

"Kaka hakupimwa," alisema Chiriku. "Vikopo vyote viwili ni mimi. Mama alisema sisi ni tumbo moja."

Fundi alimgeukia mkewe. Mhudumu hakumgeukia. Alikwisha kumfunga Babu mgongoni kwa kanga ya mama yake, na alikuwa anaiendea baiskeli yake.

"Maneno baadaye," alisema. "Fundi, shika huku nyuma. Twende hospitali."

Mama Babu aliwafuata kwa miguu. Hospitalini, Babu alipimwa damu kwa tone la kidoleni. Kikopo kilijazwa naye mwenyewe. Daktari alirudi akiwa na uso uliokunjamana.

"Mayai ya safura ni mengi mno," alisema. "Mnyoo mmoja hunywa damu kidogo sana, hata huwezi kujua. Lakini mtoto akiwa na mamia, tena kwa muda mrefu, damu inakwisha. Anachoka. Anahema. Anavimba uso. Wengine hutamani kula udongo. Aliwahi kula udongo?"

"Aliwahi," alisema Mama Babu. "Nilimwona."

"Dawa ya minyoo tutampa. Hata hivyo, anahitaji damu kwanza, maana moyo wake umechoka sana."

Fundi alinyoosha mkono kabla hajaulizwa. Damu yake ilipimwa, ikafaa. Mchana wote ilidondoka tone kwa tone kuingia mwilini mwa mwanawe. Mama Babu alikaa upande wa miguu, ameishika miguu ile miwili midogo. Bado ilikuwa na udongo kwenye kucha.

Babu alifungua macho.

"Baba, safari hii wamenipima mimi?"

"Wamekupima wewe."

"Wameona nini?"

Fundi, mwenye sauti ya kusikika bonde zima, alimwinamia sikioni. "Wameona minyoo. Ilikuwa inakunywa damu yako."

"Kwa hiyo sikuwa mvivu."

"Hukuwa mvivu, baba. Hukuwa mvivu hata siku moja."

Babu alifikiri kidogo. "Mwambie na mwalimu," alisema.

Alifariki jioni ile. Damu ilikuwa bado haijaisha kwenye mfuko.

Msibani watu walikuja wengi. Mwanamke mmoja alianza kusema, "Ndiyo hayo, mficha maradhi..." Mwenzake akamgusa goti, naye akanyamaza. Hakukuwa na haja ya kumaliza. Kila mtu aliijua sehemu iliyobaki, na Mama Babu aliijua kuliko wote.

Kwa siku nyingi Fundi na mkewe walizungumza mambo ya maji na kuni tu. Mama Babu alingoja kufukuzwa. Alifungasha hata nguo zake, akaziweka nyuma ya mlango. Fundi aliziona.

"Hizo ni za kwenda wapi?" aliuliza.

"Popote utakaposema."

Fundi alikaa kitako kwenye kizingiti. "Wewe ulificha kikopo," alisema. "Mimi nilimwita mvivu mbele za watu, na yeye akaniamini. Tukianza kushindana nani ana kosa kubwa, hatutamaliza. Rudisha nguo zako."

Alizirudisha. Wote wawili walilia, kila mmoja upande wake wa chumba.

Chiriku ndiye aliyewatisha. Alikuwa haongei. Aliulizwa jambo, akajibu kwa kichwa. Siku moja, mama yake akimsuka nywele, alisema bila kugeuka:

"Mama, ni choo changu kilichomuua kaka?"

Mama Babu aliacha kusuka. Alimgeuza, akamshika uso.

"Hapana, mwanangu. Wewe ulisema kweli, mara mbili. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Ni aibu yangu iliyomchelewesha kaka yako. Wewe huna kosa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi ukiona jambo, sema. Hata kama ni mimi ninayekuambia unyamaze."

Mhudumu alirudi bondeni, na safari hii mafundi walimsikiliza. Walisimamisha kazi, wakachimba choo, wakakijengea kwa matofali yao wenyewe. Nje waliweka ndoo ya maji na sabuni. Watoto walikatazwa kuingia mashimoni. Fundi alileta njia mpya ya kazi. Udongo ulichekechwa kwanza ukiwa mkavu, mawe yakabaki kwenye chekeche. Kisha mtu mzima aliyevaa buti za mpira aliukanyaga. Mafundi wengine walinung'unika kwamba buti zinazama kwenye udongo. Fundi hakubishana nao. Aliwatazama tu, wakaenda kutafuta buti.

Pia alikwenda shuleni. Alimkuta mwalimu wa darasa la tatu, akamwambia, "Mwanangu alinituma. Amesema hakuwa mvivu." Mwalimu akaweka chaki chini, akatoka nje.

Baada ya mavuno, vikopo vililetwa tena. Wazazi walifika shuleni asubuhi wakiwa navyo, vimefungwa kwenye mifuko, kila mtu akikificha chake chini ya kanga au ndani ya kapu. Bwana Choo alikuwa anavipanga kwenye boksi. Mama Babu alileta cha Chiriku. Alikitoa hadharani, akakiweka mezani. Kisha hakuondoka.

"Mhudumu, naomba niseme neno na wenzangu."

"Karibu."

Aligeuka. Alikuwa amepungua mwili, na sauti haikuwa kubwa, lakini watu walisogea kumsikiliza.

"Wote mnajua nilizika," alisema. "Yaliyobaki mmeyasikia kwa minong'ono tu: mwanangu alikuwa na kikopo chenye jina lake, na ndani hakikuwa na choo chake. Niliweka cha mdogo wake. Niliogopa mtasema mimi mchafu. Nilidhani kupimwa ni kushindana, na nilitaka kushinda. Nikashinda. Majibu yalisema mwanangu mzima."

Alionyesha boksi la vikopo.

"Kama kuna mwenye kikopo kama changu, akichukue sasa. Hakuna atakayemcheka. Atakayemcheka anicheke mimi kwanza."

Hakuna aliyejongea. Mtu mmoja alikohoa. Mhudumu alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza, na alikaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji.

Mwanamke kijana, mke wa mpasua mbao, alinyanyuka kutoka nyuma. Alikuja mpaka mezani huku ameinamisha kichwa. Alipapasa vikopo, akakitoa kimoja.

"Huyu wangu wa pili anasumbua, hataki kutoa," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaweka cha kaka yake. Naomba kikopo kingine."

"Chukua," alisema mhudumu. "Hata kesho utaleta, hakuna shida. Ila kiwe cha asubuhi hiyohiyo, maana kikikaa sana mayai yanaharibika na tunaweza tusiyaone."

Mtoto yule wa pili alikutwa na safura nyingi. Ndani ya kope zake palianza kuwa peupe, lakini bado alikuwa na nguvu za kutembea. Alipewa dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu vya kumeza kwa miezi kadhaa. Mama yake aliambiwa ampe mboga za majani na maharage kila apatapo, na asimwache atembee peku. Mhudumu alimpima tena baadaye ili ahakikishe. Mayai hayakuonekana, na rangi ya kiganja ilikuwa inarudi.

Siku moja Mama Babu alikuwa anaanika nguo alipomwona mke wa mpasua mbao amesimama njiani, mbali kidogo na uzio. Alikuwa peke yake.

"Karibu," alisema Mama Babu. "Mbona umesimama huko kama mgeni?"

"Nimekuja kushukuru, dada. Nilitaka kuja siku nyingi. Mwanangu amepona. Anakimbia mpaka namchoka."

"Alhamdulillahi. Yuko wapi?"

Mke wa mpasua mbao alitazama chini. "Nimemwacha kule kwenye kona. Huwa nampitisha njia ya nyuma tukienda kisimani. Naona vibaya kumpitisha mlangoni kwako, dada. Angekimbia mbele yako, na wewe..."

Hakumaliza. Mama Babu alishika kamba ya nguo. Uchungu ulimjia wote kwa pamoja, kama siku ya kwanza. Kisha akajifuta uso kwa shuka lenye maji alilokuwa anataka kulianika.

"Njia ya nyuma ni ndefu," alisema. "Mpitishe hapa. Nenda kamwite sasa hivi, aje akimbie hapa mbele yangu nimwone."